Mtoto wa miaka 16 amewekwa mahabusu na watu wazima: tudai nini?

Mjomba, Ujiji: Ndugu zangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 16, alikamatwa juzi mwaloni kwa tuhuma za kuiba simu, na katika kituo kimoja cha polisi amewekwa chumba kimoja na watu wazima. Mwili wake umekomaa kwa kazi za mitumbwi, na nadhani ndiyo sababu wameandika kuwa ana miaka 19. Tunaambiwa tusubiri mahakama. Je, hakuna tunachoweza kudai kabla ya hapo?

Msaidizi wa kisheria, Tabora: Pole sana, ndugu yangu. Anzeni na umri, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, lakini maadamu karatasi za polisi zinasema 19, atatendewa kama mtu mzima mpaka umri huo upingwe kwa ushahidi. Pelekeni cheti cha kuzaliwa leo. Kama hakipo, kadi ya kliniki au barua ya shule itasaidia, na nakala apewe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye sheria inamtaka awepo shauri la mtoto linaposikilizwa. Hapo mtakuwa na msingi wa kudai atengwe na watu wazima na apewe dhamana palepale kituoni, ambayo kwa kawaida hainyimwi mtoto isipokuwa kwa mauaji, kosa lenye kifungo kinachozidi miaka 7, au sababu nyingine chache zilizotajwa na sheria. Dhamana hailipiwi, hata wakiwaambia vinginevyo.

Mkazi wa Isevya: Msiiache dhamana hadi mahakamani. Mtoto akinyimwa, anastahili kupelekwa mahabusu ya watoto, lakini hizo zipo katika mikoa michache, kama Mbeya, Tanga na Arusha, na sioni mama wa Ujiji atapata wapi nauli ya kwenda kumtazama mwanawe huko. Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kinataka atengwe na watu wazima na pia aendelee kuonana na familia yake. Huku kwetu magharibi, akipata la kwanza mara nyingi hulikosa la pili.

Mjomba, Ujiji: Ahsanteni. Cheti hatuna, kadi ya kliniki ipo. Akitiwa hatiani, atafungwa?

Msaidizi wa kisheria, Tabora: Sheria hiyo hairuhusu mtoto ahukumiwe kifungo cha gerezani. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi au kupelekwa shule ya maadilisho. Nendeni na kadi halisi, lakini muwaachie nakala tu.