Tupeane uzoefu: Ardhi ya kulima chakula uliipataje, na ilikaa mikononi mwako kwa muda gani?

Mama wa Mkondoa (Kilosa)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu jambo moja: mtu asiye na fedha alipataje ardhi ya kulima chakula, kwa masharti gani, na aliishika kwa muda gani. Swali la muda nimeliweka makusudi. Nimekodi mashamba kwa miaka saba sasa, nami nimejifunza kwamba ekari moja unayojua utairudia mwakani hulisha watoto vizuri kuliko ekari tatu ambazo hujui kama utaziona tena baada ya mavuno.

Naanza mwenyewe. Nilipofiwa na mume wangu, ndugu zake walinieleza kwamba shamba tulilokuwa tukililima ni la ukoo, nami nikabaki na watoto watatu na jembe. Nilifanya vibarua vya palizi, kisha nikakodi ekari moja. Kodi hulipwa kabla ya mvua, wakati ambao nyumbani hakuna hata debe la mahindi, na ndiyo maana wengi wetu huikopa na kuja kuilipa kwa mazao yakiwa bado machanga, kwa bei anayoipanga mkopeshaji.

Shamba lenyewe lilikuwa limechoka na limejaa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kiangazi chote nilibeba samadi kutoka kwa wafugaji, gunia mojamoja, kwa baiskeli ya kuazima. Msimu wa pili mahindi yalikuwa ya kijani kilichoiva hadi kuelekea weusi. Kabla hayajakauka, kijana wa mwenye shamba alikuja, akasimama ukingoni, akamenya muhindi mmoja ungali kwenye bua ili aone punje, kisha akaondoka bila kusema neno. Baada ya mavuno niliambiwa kwamba familia inalihitaji shamba lake. Tangu siku hiyo nimekodi mashamba mengine matatu na sijayapa samadi hata ndoo moja, ingawa najua kwamba ninaumaliza udongo wa watu na kuyapunguza mavuno yangu mwenyewe.

Bustani Bondeni (Dar es Salaam)

Pole sana, dada. Sisi tunaolima mboga mabondeni na chini ya nyaya za umeme mkubwa tunakuelewa vizuri, kwa maana hatuna hata wa kumlipa kodi. Eneo nililokuta likiwa vichaka na taka nililisafisha mwaka mzima, na leo nina matuta kumi na manane na kisima kifupi nilichokichimba kwa mikono, kwa sababu maji ya mtoni hapa mjini siyaamini kwa mboga ya kuliwa.

Ninapanda mchicha karibu matuta yote. Watu hudhani ni kwa kuwa unauzika, na ni kweli unauzika, lakini sababu kubwa ni kwamba baada ya wiki tatu au nne unang'olewa, kwa hiyo nikiamriwa kuondoka leo hasara yangu ni ya matuta machache. Nyanya chungu na bilinganya zingenilipa zaidi, kwa kuwa ukishazipanda huchumwa kwa miezi mingi, ila miezi mingi ndiyo kitu ambacho sina. Tulishatangaziwa kuhama mara mbili. Pamoja na hayo, siku ambayo sijauza fungu hata moja, nyumbani mboga ipo, na fedha ya mboga inakwenda kwenye unga.

Mjukuu wa Eka Tatu (Unguja)

Assalaam alaykum. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliogaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilipoitaifisha ardhi. Kabla ya hapo alikuwa akilima muhogo chini ya minazi ya wenyewe. Desturi ilimruhusu kupanda muhogo, kunde na viazi, lakini hakuruhusiwa kabisa kupanda mti wa kudumu, kwa sababu kwetu mti una mwenyewe mbali na ardhi, na mtu aliyeazimwa shamba akipanda mnazi huhesabiwa kwamba ameanza kudai. Bibi alitusimulia kwamba wiki ileile waliyoonyeshwa mipaka ya eka zao, babu hakuanza na muhogo ingawa ndio waliokuwa wakiula. Alianza kuchimba mashimo ya minazi, naye alijua kwamba angeingoja miaka mingi kabla ya kuangua dafu la kwanza.

Leo warithi tumefika kumi na tisa. Wapo wanaotaka eka zikatwe viwanja. Mpaka sasa tumekubaliana kwamba wanaolima walime kwa zamu na nazi zigawiwe wote, na anayetaka kung'oa mnazi wa babu ili ajenge nyumba aseme mbele ya ukoo wote. Sijui makubaliano haya yatadumu hadi lini, na ninaliandika hili kwa uchungu.

Viazi Msituni (Nyandarua)

Nyumbani kwetu njia ya maskini kupata udongo wenye rutuba ni msitu wa Serikali. Mfumo huu tunauita wa shamba na ulianza zamani za ukoloni: mkulima hupewa kipande palipokatwa miti, hupanda viazi, kabichi au maharagwe katikati ya miche mipya, na kwa kuwa hupalilia mazao yake, huipalilia na miche ya msitu pia. Miche inapokuwa mirefu na kivuli kufunga, kwa kawaida baada ya miaka mitatu hivi, unaondoka. Huruhusiwi kujenga wala kuishi humo. Mfumo huu umewahi kupigwa marufuku ukarudishwa, na tangu Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005 mkulima huupata kupitia chama cha jamii cha msitu.

Robo ekari niliyopewa ilisomesha mwanangu wa kwanza hadi kidato cha nne, kwa hiyo sitaubeza. Jambo linaloniuma ni mwaka wa tatu. Asubuhi unaingia shambani na kukuta majani ya viazi yamekuwa membamba na marefu yakitafuta jua chini ya misaiprasi uliyoilea kwa mikono yako, na unajua kwamba kadiri ulivyoipalilia vizuri ndivyo ilivyokuharakishia kuondoka. Nimewaona majirani wakikata mizizi ya miche kwa siri ili ikawie. Mimi sikufanya hivyo, lakini siwezi kuwalaani.

Kahawa na Parachichi (Mbozi)

Dada wa Kilosa, naomba uangalie tena suala la shamba la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Linapatanisha na halitoi adhabu, kwa hiyo kulifikisha jambo hilo huko si kuwatangazia wakwe vita.

Mimi na mume wangu tuna hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yetu wawili. Siku ya kupima, majirani wa pande zote nne walisimama kila mmoja kwenye mpaka wake, na pale tulipobishana na jirani wa chini kuhusu hatua mbili tatu karibu na mfereji, mzee mmoja alifukua jiwe la mpaka ambalo sisi sote tulikuwa tumelisahau. Baada ya hati tulipanda kahawa na miparachichi, ambayo hatungethubutu kuipanda tulipokuwa tukikodi. Hata hivyo hati isikupe usingizi. Jirani yetu aliiweka dhamana ya mkopo wa pembejeo, mvua ikakataa, na leo anakodi ekari iliyokuwa yake.

Kama wakwe watakataa kabisa, basi usikodi tena kwa msimu. Andikishaneni miaka mitatu au minne mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, kodi ilipwe kila mwaka baada ya mavuno, na muandike kwamba mwenye shamba akilitaka kabla ya muda atafidia samadi na kazi.

Kijana wa Mvomero

Naongeza fupi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu vijana tulioomba ardhi tuliambiwa imekwisha, huku ng'ambo ya barabara kuna shamba kubwa la mtu tusiyemfahamu ambalo tangu nizaliwe sijaona likilimwa, na nyasi zake huchomwa moto kila kiangazi.

Mama wa Mkondoa (Kilosa)

Nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kwanza kwenye baraza. Shauri la ukoo limeahirishwa na litasikilizwa tena baada ya palizi. Mama mmoja kati ya wajumbe aliniuliza kama nina mtu anayekumbuka ni nani aliyefyeka pori la shamba lile, na nimempata, ni mzee ambaye mume wangu alimwajiri kibarua.

Wakati nikingoja, nimeandikiana na mwenye shamba ninalokodi sasa kwa miaka mitatu, na fidia ya samadi imo kwenye karatasi kama ulivyonishauri, dada wa Mbozi. Mwaka huu nitachanganya mahindi na mbaazi, ambazo sikuwahi kuzipanda kwa kuwa hubaki shambani muda mrefu baada ya mahindi kuvunwa. Mikokoteni minne ya samadi inakuja Jumamosi, nami nimewaambia watoto tutaitandaza siku hiyohiyo kabla jua halijaikausha.