Bustani ya nyumbani Shangani, Mtwara: niangalie nini Bustani ya Mimea Dar?

MwanaShangani
Wakuu, habari za kazi. Mwezi wa saba niko Dar, nitapita Bustani ya Mimea pale karibu na Makumbusho ya Taifa kutafuta mawazo ya bustani ya nyumbani. Eneo ni mita 12 kwa 8, mchanga mtupu, bahari iko jirani, maji ya kisima yana chumvichumvi. Niangalie nini?

Kitalu_Mikindani
Mwezi wa saba utakudanganya, mkuu. Dar wana vuli na masika, kwa hiyo Julai masika ndiyo kwanza yameisha. Huku kwetu mvua ni moja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu kukavu. Safari ikisogezeka, nenda Septemba: mmea utakaoukuta kijani bila mpira wa maji, huo ndio wako. Haisogezeki? Waulize watunzaji ni ipi wanaimwagilia na ipi wameiacha.

Ile bustani ipo tangu 1893, miti yake ni mikubwa. Acha maua, chungulia chini ya miti uone kinachostawi kivulini. Piga picha ya mmea mzima, kisha kibao chenye jina la kisayansi. Kitaluni ukiomba "lile ua la njano" utauziwa chochote.

Amani kule Muheza ni pazuri, ila ni mlimani na mvua ni nyingi. Mimea ya kule hapa haiendi.

MamaRehani
Kabla ya mimea, mashimo. Chimba sentimita 60 kila upande. Chini panga makumbi ya nazi tabaka moja, upande wa nyuzi juu, yashike maji. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba usiyaguse, yamejaa chumvi. Ndoo mbili za samadi iliyooza changanya na udongo wa juu, rudishia. Ukitia mkono ndani ya samadi ukasikia joto, bado, itaunguza mizizi. Panda Desemba, mvua ikishalowesha chini.

Matandazo sentimita 7 za majani makavu, lakini acha kiganja kizima kutoka kwenye shina, la sivyo linaoza na mchwa wanakaribishwa. Maganda ya korosho yasiwe matandazo hata ukipewa bure: yana mafuta makali, yanababua ngozi na kudhuru miche.

MwanaShangani
Asanteni. Na asumini? Boganvilia pia, ninayo moja, majani tele, maua hakuna.

Kitalu_Mikindani
Boganvilia unaidekeza. Inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku na kiu kidogo. Samadi nyingi na maji ya kila siku ni majani tu. Ya kuzalisha, kata tawi gumu lenye unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, choma mchangani kivulini. Likilowa muda wote linaoza.

Asumini haipendi chumvi, kingo za majani zitakauka kahawia. Iweke nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na upepo wa bahari. Maji ya kisima mwaga mengi kwa mara moja, chumvi izame chini ya mizizi. Ukinyunyiza kidogo kidogo inabaki juu. Kwenye chungu utaiona, ukoko mweupe ukingoni.

Mvinje ni ngao nzuri ya upepo, ila kwa mita 12 kwa 8 utakumeza.

MamaRehani
Samadi ikiletwa kwa gunia, mwaga chini uione kabla hujalipa. Nusu huwa mchanga, na mchanga unao tayari.