Mrututu mkavu umewezaje kubeba maji ndani yake?

Mtahiniwa wa Kujitegemea:
Shikamooni walimu na wadau wote. Ninajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na jaribio moja limenitatiza. Tulipima gramu 2.50 za mrututu, yaani ile salfeti ya shaba yenye rangi ya buluu, tukazitia katika kikombe cha kaure na kuzichoma hadi buluu ikatoweka. Mvuke ulitoka kweli, ilhali chembe zile zilikuwa kavu kiasi kwamba hazikulowesha hata karatasi niliyozimwagia. Kilichobaki kilikuwa gramu 1.48 za unga mweupe wenye madoa meusi chini. Nilipokokotoa nilipata molekuli 6 za maji kwa kila salfeti moja ya shaba, wakati chupa imeandikwa 5. Maji hayo yalikuwa yamekaa wapi, na hiyo ya sita imetoka wapi?

Fundi Maabara:
Marahaba. Nianze na swali la pili, kwa sababu jibu lake umelitaja mwenyewe: madoa meusi. Salfeti ya shaba iliyoishiwa maji ni nyeupe au kijivu hafifu, haiwi nyeusi. Weusi ule ni oksidi ya shaba, na maana yake ni kwamba ulizidisha moto mpaka salfeti yenyewe ikavunjika na kutoa gesi ya salfa. Mizani haijui ni gesi gani imetoka. Wewe uliihesabu yote kuwa maji. Gramu 2.50 zilipaswa kubakiza takriban 1.60, zipotee 0.90. Gawanya 0.90 kwa 18, uzito wa moli moja ya maji (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), upate moli 0.05, na 1.60 kwa 159.5, uzito wa moli moja ya salfeti isiyo na maji, upate moli 0.01, hiyo ndiyo tano kwa moja. Maji ya mwisho huondoka katika nyuzi joto 200 na ushei, wakati salfeti huvunjika baada ya kupita 600, kwa hiyo nafasi ya kutosha ipo iwapo utachoma taratibu huku ukikoroga, upime, uchome tena, hadi uzito urudi uleule mara mbili.

Kuhusu makazi ya maji: katika fuwele, kila ioni ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji zilizoielekezea upande wao wa oksijeni. Ya tano haigusani na shaba. Imeshikiliwa na bondi za haidrojeni katikati ya salfeti na maji mengine. Ndiyo maana hayatoki kwa mpigo, bali mawili, kisha mawili, kisha lile moja lenye ukaidi. Haya si maji ya kulowesha, ni sehemu ya jengo, na rangi ya buluu inatokana na hayo yanayoizunguka shaba. Kwa kuwa idadi yake haibadiliki, mrututu ni kampaundi, si mchanganyiko.

Mjukuu wa Kahawa:
Kumbe! Kwetu Kilimanjaro babu alikuwa akichanganya mrututu na chokaa kunyunyizia kahawa, na kwa hesabu hiyo kila kilo aliyonunua ilikuwa na gramu 360 za maji, alizozilipia kwa bei ya dawa. Naomba kuuliza: ile chokaa mbichi inayochemka inapomwagiwa maji, nayo huyabeba namna hiyohiyo?

Fundi Maabara:
Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Chokaa iliyotoka tanuruni ni oksidi ya kalsiamu, nayo huivunja molekuli ya maji: haidrojeni moja huhamia kwenye oksijeni ya chokaa, na kinachopatikana ni haidroksidi. Gramu 56 za chokaa humeza 18 za maji zikawa 74 za unga mkavu ambao ndani yake hamna tena molekuli hata moja ya maji.

Jasi, kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, ndiyo ndugu wa mrututu. Kila salfeti ya kalsiamu ina maji mawili; ikichomwa kwa nyuzi joto kama 150 hupoteza moja na nusu, ikawa ule unga wa plasta wa kufungia mifupa iliyovunjika. Watu husema plasta "inakauka", lakini inapokaza inafanya kinyume chake: inayarudisha maji yake na kuunda fuwele upya, na joto linalotoka hapo mgonjwa hulisikia mguuni.

Mtahiniwa wa Kujitegemea:
Nashukuru sana. Leo nimerudia kwa moto mdogo na kupima mara tatu: 1.68, 1.61, 1.61, bila doa jeusi, na hesabu imenipa 4.9. Kikombe kilipopoa nilidondoshea unga ule matone machache ya maji. Buluu ikarudi papo hapo, na kikombe kikapata moto mkononi mwangu.