Mama mlezi wa kwaya anaomba nimdhamini mkopo wa milioni sita. Mithali 17 inanivuta pande mbili, naombeni ushauri

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeolewa, tuna watoto watatu. Niko kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi hapa wilayani, na akiba zangu za huko ndizo tunazozitegemea kumpeleka mtoto mkubwa chuo mwakani.

Mama mlezi wa kwaya yetu, ambaye naye ni mwanachama, ameniomba nimdhamini mkopo wa milioni sita. Anasema anataka kununua mahindi wakati wa mavuno, ayaweke, auze bei ikipanda. Huyu mama si mtu wa kumkatalia hivi hivi. Mwanangu wa mwisho alipolazwa kwa nimonia, yeye ndiye aliyekuwa anakuja wodini alfajiri na chupa ya uji, ananiambia "mwalimu, nenda kajinyooshe kidogo", anakaa na mtoto mpaka daktari apite. Hajawahi kunikumbushia wema ule hata mara moja.

Kinachonikosesha usingizi ni mambo mawili. Kwanza, wanakwaya wawili wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba ana mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, na wenye pesa wanamfuata mpaka nyumbani. Yeye mwenyewe hajaniambia. Pili ni Neno lenyewe. Nilipomwomba anipe muda niombe, alinitumia meseji ya Mithali 17:17: "Rafiki hupenda sikuzote, na ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu." Nikafungua Biblia kuusoma vizuri, macho yakashuka mpaka mstari wa 18, unaosema asiye na akili ndiye anayepana mikono (yaani kupeana mikono kuweka ahadi) na kuwa mdhamini mbele ya mwenzake. Mistari hiyo imepangana! Nikikataa, nimemkimbia ndugu siku ya taabu? Nikikubali, nimekuwa mtu asiye na akili? Mume wangu anasema niamue mwenyewe kwa kuwa akiba ni zangu. Fomu ameshaniachia, ninayo kwenye mkoba.

Tumaini la Asubuhi

Dada, usisaini. Mithali 11:15, 17:18, 22:26, na sura ya 6 mwanzoni kabisa. Jambo likionywa mara nne katika kitabu kimoja hatuna haja ya kupiga kura. Tena mtu anayekuficha deni la kwanza atakuficha na siku atakaposhindwa kulipa la pili. Upendo ni upendo, na fomu ya mkopo ni fomu ya mkopo.

Fundi wa Mbao

Naomba nipingane na mpendwa hapo juu kwa heshima. Yuda alisimama mbele ya baba yake akajitoa kuwa mdhamini wa Benyamini, Mwanzo 43:9, na familia nzima ikapona njaa. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo: kama unamdai kitu, kiandike juu yangu, "mimi nitalipa". Na Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Kama udhamini ni upumbavu mtupu, sisi wokovu wetu umesimama juu ya nini? Yule mama alikaa wodini na mtoto wa mwenzake. Tusimjibu kwa mistari minne ya kumfungia mlango.

Mzee wa Kamati

Shalom Mwalimu. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS vipindi kadhaa, na ni mzee wa kanisa pia, kwa hiyo haya nayaona kutoka pande zote mbili. Niruhusu niandike kwa kirefu.

Nianze na fomu. Watu wengi husaini wakidhani wanatoa ushuhuda wa tabia, kama mtu anayeandika barua ya utambulisho. Sivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya nchi yetu Tanzania, mdhamini anawajibika kwa deni sawa na aliyekopa, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Mkopaji akikwama, tunaanza na akiba zake. Zisipotosha, tunakwenda kwa wadhamini. Na hata akilipa vizuri, katika SACCOS nyingi akiba zako zinabaki zimeshikiliwa kwa kiasi ulichodhamini mpaka mkopo uishe. Umesema mwakani unazihitaji kwa ajili ya chuo. Kauliza ofisini leo: nikidhamini, nitaweza kutoa akiba kabla yeye hajamaliza marejesho? Wadhamini wako wangapi, na mzigo unagawanywaje? Nimewahi kuona mama mmoja analia mbele ya dirisha la mhasibu, amekuja kuchukua akiba za ada, anaambiwa zimefungwa na saini yake mwenyewe.

Sasa Neno. Ndugu Fundi ametaja Yuda na Paulo, na ametaja vyema. Lakini tazama walichofanya. Yuda alijua anajitoa yeye mwenyewe, na ilipofika siku ya kulipa, sura ya 44, alisimama akaomba abaki mtumwa badala ya kijana. Paulo aliandika kwa mkono wake "mimi nitalipa". Hakuandika "naamini Onesimo atalipa". Wote wawili walilihesabu deni kuwa lao tangu siku ya kwanza. Mithali 22:26 na 27 zinakataza kuwa mdhamini wa deni za watu "ikiwa huna kitu cha kulipa", halafu zinauliza kwa nini mtu akuondolee kitanda chako chini yako. Mtego wenyewe upo hapo: kuahidi kwa mdomo kitu ambacho mkono hauna.

Kuhusu mistari miwili kuonekana kupingana, usiogope. Fungua Mithali 26:4 na 5. Mmoja unasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, unaofuata unasema mjibu. Waliokusanya kitabu hiki waliiona vizuri wakaiacha ikae pamoja, kwa sababu hekima ni kujua leo ni siku ya mstari upi. Mithali si kama Amri Kumi. Kwako naona 17 na 18 zote ni za leo: uwe ndugu kwake kweli, na usipane mikono. Zingepingana kama njia pekee ya kumpenda ingekuwa saini.

Jiulize hivi tu: hizo milioni sita zikikatwa kwako mwezi ujao, mtoto atakwenda chuo?

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Asante sana Mzee. Jibu ni hapana, hatakwenda. Sijawahi kujiuliza hivyo, nilikuwa nafikiria tu kama yeye ni mwaminifu au la. Lakini nikimwambia hapana, namwambia vipi? Kwa uji ule aliouleta wodini, nitamtazama usoni namna gani?

Bibi wa Parokia

Mwanangu, mimi ni Mkatoliki, na kwenye Biblia yetu kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 29. Chenyewe kinasema mtu mwema humdhamini jirani yake, na aliyedhaminiwa asisahau wema huo. Mistari michache mbele kinaeleza kwamba udhamini umewaangusha wengi waliokuwa na mali, kisha kinamalizia kwa kusema msaidie jirani kadiri ya uwezo wako, ila ujihadhari usianguke nawe. Kadiri ya uwezo wako, basi. Kaa na mumeo mpige hesabu mnaweza kutoa nini bila kurudishiwa. Iwe laki mbili, iwe gunia la mahindi, iwe kumlipia mjukuu wake sare. Ukifika kwake uwe nacho mkononi. Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani nenda urudi kesho, nawe unacho.

Na usimwambie "nimeomba, Mungu amekataa". Usimsingizie Mungu. Mwambie akiba hizi ni za mtoto.

Tumaini la Asubuhi

Bibi umesema vizuri, nimepokea. Naongeza moja: deni la kausha damu asilifanye siri. Mwalimu, usiende na maneno ya wanakwaya, muulize mwenyewe, mkiwa wawili.

Mzee wa Kamati

Hilo ndilo la msingi. Kama ni kweli ana kausha damu, sehemu kubwa ya milioni sita haitafika kwenye mahindi, itaishia kwa hao wanaomfuata nyumbani, naye atabaki na marejesho ya SACCOS bila biashara. Akikubali kukueleza, msaidie kuorodhesha: anadaiwa na nani, kiasi gani, riba gani, ameweka nini rehani, wanayo kadi yake ya benki au hapana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni. Wengi wa hawa wa mtaani hawana, kwa hiyo anaweza kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii au ofisi ya kata akasikilizwa. Usimwache aende peke yake. Mtu anayedaiwa huona aibu hata kufungua mdomo, na hapo ndipo ndugu wa siku ya taabu anapohitajika zaidi kuliko kwenye fomu.

Fundi wa Mbao

Hapo Mzee tumekubaliana. Nilichoogopa ni dada kukataa halafu akaanza kumkwepa kanisani. Nimeona watu wakikaa benchi tofauti miaka kwa jambo kama hili.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Mungu awabariki wote. Nimeongea na mume wangu jioni hii, tumekubaliana tunaweza kutoa laki tatu bila kumdai, na Jumamosi nitakuwa huru kwenda naye kata kama ataniambia ukweli. Swali la mwisho: hii fomu nimrudishie Jumapili baada ya ibada, au nimtumie mtoto ampelekee kesho?

Bibi wa Parokia

Usitume mtoto, na usingoje Jumapili mbele ya watu. Nenda leo, usiku haujawa mkubwa. Beba na uji.

Mzee wa Kamati

Mithali 6:3 na 4, Mwalimu: enenda, nyenyekea, wala usiyape macho yako usingizi. Na ukague fomu kabla ya kuirudisha. Kama ulishajaza namba yako ya uanachama mahali popote, ikate kwa kalamu.