Kikundi cha Wajukuu wa Bibi Marangu: Irene afungue duka Moshi au Chuga (Arusha)?

Irene (Dar): Shikamooni wakubwa. Nimeamua, mwezi wa tatu narudi kaskazini na oveni yangu. Hapa Dar kodi imepanda tena, sina nguvu ya kubishana. Nimepata fremu mbili, moja Moshi karibu na Mbuyuni, nyingine Arusha, Kijenge. Ya Arusha kodi yake ni karibu mara mbili. Kazi yangu mnaijua, keki na vitafunwa. Nishaurini.

Kaka Godi (Arusha): Chuga. Tumemaliza, leteni ajenda nyingine.

Ba'mdogo (Moshi): Marahaba Irene. Godi, salimia watu kwanza.

Kaka Godi: Shikamoo Ba'mdogo. Chuga.

Ba'mdogo: Marahaba. Mtu wa keki anahitaji maji na usafi. Sisi maji yetu ni ya chemchemi za mlimani, unakinga bombani unakunywa. Ya kwenu yana floraidi, mtu akicheka tu unajua kakulia wapi. Na mji wetu unafagiwa, sio huko kwenu.

Kelvin (chuo, Moshi): Kaka Godi kwenye picha ya ukoo ufunge mdomo 😂

Kaka Godi: Mimi meno yangu yameota Marangu, nyeupe pee. Na maji mradi mkubwa umeshajengwa, hiyo hadithi ya floraidi ni ya zamani. Tusiongee kwa hisia, twende kwa sensa. Jiji la Arusha 2012: watu 416,442. 2022: 617,631. Manispaa ya Moshi 2012: 184,292. 2022: 221,733. Irene, mteja ni mtu. Nenda kwenye watu.

Kelvin: Ngojeni nipige hesabu.

Kelvin: Arusha imeongeza 201,189. Moshi nzima ya 2012 ilikuwa 184,292. Maana yake ndani ya miaka kumi Chuga imejiongezea Moshi nzima na chenji ya karibu elfu kumi na saba imebaki 😳

Kaka Godi: Asante mhasibu. Na wewe si unalala Moshi? Kweli ukweli haufichiki.

Ba'mdogo: Mnapima shati kwa kifungo. Hiyo manispaa haifiki hata kilomita za mraba 60. Ukitoka mjini ukapanda kidogo tu umeshaingia Halmashauri ya Wilaya. Uru, Kibosho, Old Moshi, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegusana na kihamba, jogoo wa huku akiwika wa kule anajibu. Hao wote asubuhi wanashuka mjini na mikungu yao, jioni wanapanda na mkate. Sensa inawaandika kijijini, lakini hela wameiacha mjini. Kama mpaka ungesogezwa mngetuheshimu. Jiji tunaliomba miaka na miaka.

Kaka Godi: Ba'mdogo, na mimi nikileta Ngaramtoni, Tengeru na Usa River? Zote hizo haziko ndani ya jiji. Haya basi, mkoa kwa mkoa. 2022 Kilimanjaro 1,861,934. Arusha 2,356,255. Na sensa ya 2002 nyie ndio mlikuwa juu yetu!

Shangazi Tere: "Nyie" ndio akina nani? Godi, kitovu chako kimezikwa wapi?

Kaka Godi: Kwenye mgomba wa Bibi, Shangazi. Ila kodi nalipa Sakina, Arusha.

Shangazi Tere: Basi tumia "sisi".

Ba'mdogo: Hapo kwa mkoa sibishi. Ila mjue sababu. Kihamba hakitanuki. Babu yenu alikuwa na ekari mbili na watoto wa kiume watano. Mkubwa kakatiwa chake, wa mwisho kabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wakaambiwa someni. Kahawa ilipokuwa na bei ililipa ada, ilipoanguka watu wakaanza kung'oa. Sasa kijana mwenye cheti mkononi na mistari sita ya migomba atafanya nini? Anapanda basi. Kilomita 80 tu.

Kelvin: Na reli ilianza kufika kwetu, kabla ya Vita vya Kwanza. Arusha wakasubiri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Tulitangulia tukapitwa.

Kaka Godi: Kwa sababu vitu vikubwa vilishukia Chuga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo hapa. Mahakama ya Afrika ipo hapa. Ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015, watu walijenga nyumba za kupangisha Njiro kwa ajili yake. Semina haziishi. Irene nikwambie kitu kimoja: juzi nimembebea mama mmoja wa Kijenge sambusa mia nne, za kikao cha siku mbili TU. Gari yangu inanuka vitunguu mpaka leo, kesho nina wazungu wa Ngorongoro sijui nitawaambia nini.

Shangazi Tere: Hao wazungu wako wanashukia wapi? Uwanja wa ndege wa KIA uko Hai. Hai ni Kilimanjaro.

Kaka Godi: Wanashukia Hai, wanalala Chuga 😎

Ba'mdogo: Na mlima wanakuja kupanda kwetu.

Irene: Jamani, fremu.

Kelvin: Da Irene, ya Mbuyuni nimeiona. Nilikaa kwa muuza chai wa jirani saa moja mpaka saa mbili asubuhi. Watu wapo wengi, ila wamebeba ndizi na wana haraka. Kumi na wanne walisimama kwa mama wa maandazi, andazi moja mia mbili. Keki hakuna aliyeulizia. Halafu nikarudi saa tisa mchana. Fremu inatazama magharibi, jua linaingia mpaka ukuta wa nyuma. Krimu yako itakuwa uji.

Irene: 😩 Hilo jua ndilo nililikimbia Dar. Kiyoyozi nikiwasha, LUKU inaisha naitazama. Kijenge je, kaka?

Kaka Godi: Kijenge mwezi wa saba siagi unaikata kwa msumeno. Ila foleni nisikufiche. Jioni Sakina unaweza kumaliza kuchumbia mtu na kuachana naye hujafika Mianzini. Oda za keki peleka mapema.

Shangazi Tere: Na simu shika vizuri barabarani.

Kaka Godi: Shangazi hiyo nayo ni hadithi ya zamani.

Shangazi Tere: Yangu iliondoka mwaka jana.

Ba'mdogo: Nimalizie moja. Sensa ya 2022 walihesabu waliolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Agosti nani yuko nyumbani? Wangehesabu usiku wa kuamkia Krismasi. Kutoka Himo kupanda Marangu gari zimegusana, kila boma lina moshi wa nyama, msalani unapanga foleni na watu usiowajua mnashea babu. Wahesabu siku hiyo halafu Godi alete tarakimu zake.

Kelvin: Siku hiyo Chuga wanabaki walinzi na mbwa 😂

Irene: Ba'mdogo umenipa akili. Desemba huko juu ni kipaimara, ubatizo, harusi, mahari, vyote wiki mbili. Keki wanatoa wapi?

Shangazi Tere: Nyingi zinatoka mjini, zinafika zimeinama. Ya mtoto wa jirani ilifika ghorofa ya juu iko mapajani kwa dereva.

Irene: Nachukua Kijenge. Desemba napanda na oveni, ya gesi, maana umeme wa huko naujua.

Kaka Godi: CHUGAAA

Ba'mdogo: Hajasema amehama. Amesema amepanga.

Shangazi Tere: Nimemsomea Bibi yote. Amesema niandike kama alivyosema: "Hao laki mbili walioongezeka Arusha, saba ni wangu. Godi, mkewe, watoto watatu, na wale mapacha wa Aloisi. Sasa na Irene nane. Mliowahesabu wote mmekunywa mtori wangu. Irene akipita asilale Moshi mjini, apande. Na Godi mwaka jana alichukua ndoo yangu ya mbege, hajairudisha."

Kaka Godi: Bibi ndoo ipo.

Shangazi Tere: Anauliza ipo wapi.

Kaka Godi: Ipo Sakina.