Taa za kuhisi mwendo usiku: je, zinakula umeme mwingi?

Swali (Wete)
Assalamu alaykum. Mama yangu ni mtu mzima na huamka usiku kwenda msalani, na kwa kuchelea asijikwae ukumbini, huiacha globu ya wati 9 ikiwaka tangu magharibi hadi alfajiri. Dukani nimeziona taa ndogo za kuchomeka kwenye soketi, ambazo huwaka zenyewe mtu anapopita. Je, kile kihisi chake, kinachokesha na kushinda kikifanya kazi, hakitamaliza uniti za TUKUZA (umeme wetu wa kulipia kabla) kuliko globu yenyewe?

Jibu (Mji Mkongwe)
Waalaykumu salamu, ndugu yangu. Globu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku kwa siku 30 hutumia uniti 3.24. Taa hiyo ndogo, hata tukiikadiria kwa wingi kuwa inakula nusu wati mchana na usiku, hufikia uniti 0.36, na dakika chache inazowaka haziongezi kitu cha kutajwa. Hata hivyo tusiikuze akiba hii, kwani uniti tatu ni chakula cha friji cha siku mbili tatu tu. Kwa rai yangu, inunue kwa ajili ya usalama wa mama kwanza.

Jibu (fundi umeme, Chake Chake)
Hesabu hiyo naiafiki. Nasisitiza mahali pa kuiweka, maana taa nyingi hulaumiwa bure. Kihisi cha aina hii hupokea joto la mwili linapopita mbele ya ukuta wenye joto tofauti. Kwa hiyo wakati wa kaskazi, chumba kinapokaribia joto la mwili, huwa kizito kuhisi. Vilevile humtambua upesi zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Basi ichomeke ubavuni mwa njia, kwenye soketi ya chini isiyozibwa na pazia wala kabati, na uchague yenye mwanga wa manjano uliofifia, kwa sababu mweupe mkali hufukuza usingizi.

Muulizaji
Ahsante, fundi. Na umeme ukikatika?

Jibu (fundi umeme, Chake Chake)
Itazimika, isipokuwa iwe na betri ya kuchaji ndani yake. Weka ya soketi ukumbini, kisha ubandike ya betri karibu na mlango wa msalani, ambako kwa sababu ya maji nisingependa uweke soketi.