Toyota 100 inazima ikipanda Sachangwan, nikikaa nusu saa inawaka kama hakuna kitu

Mayai_Lanet

Wakubwa habari zenu. Niko na Corolla 100 ya 1994, injini ya 5A, gia za mkono, naitumia kupeleka mayai Kericho kila Alhamisi kutoka hapa Lanet. Sasa kama miezi mitatu hivi imeanza tabia ya kuniaibisha. Hapa mjini haina neno, naeza zunguka nayo siku nzima Free Area, Section 58, hadi Pipeline hata isikohoe. Lakini nikishapita Salgaa nianze kupanda, mahali hapo Sachangwan ama nikikaribia Mau Summit, inazima. Haikohoi, haivuti-vuti, inazima tu kama mtu amenyonga funguo. Na mnajua Sachangwan si mahali pa kusimama na trela ziko nyuma yako. Nasukuma pembeni, naweka matawi barabarani, nakaa nusu saa ipoe, nikirudi napiga stata mara moja imeshika na naenda mpaka Kericho bila shida. Wiki zingine inazima mara mbili, zingine haizimi kabisa.

Fundi wa kwanza alitoa plagi akasema zimekauka, eti petroli haifiki, akaniwekea pampu na filta, 6,500. Alhamisi iliyofuata ikazima palepale. Wa pili akasoma taa ya cheki injini akapata kodi ya hitilafu 14, akasema 14 ni ignaita, ile inakata koili plagi zichome, akaniuzia ya mtumba 3,500. Ikakaa wiki mbili poa nikajua nimepona, ya tatu ikanilaza Londiani Junction na trei arobaini nyuma. Wa tatu anataka distributa nzima, ile inagawia plagi moto, 9,000 na hata boneti hajafungua. Jameni mayai yenyewe faida ni shilingi ngapi kwa trei? Nisaidieni kabla niiuze.

NaxMtaani

Uza bro. Gari ya 1994 ni nyanya yako hiyo, wacha ipumzike.

Dere_Mstaafu

Mulembe kijana wangu. Hiyo ni petroli inachemka kwa paipu, usisumbuke na mambo ya kompyuta. Sisi tukiendesha Peugeot 504 Kakamega kwenda Kisumu na kurudi, ukipanda na jua la saa nane gari inakata, unalowesha kitambaa unafunika pampu, dakika kumi unaendelea. Na huko Mau Summit ni juu, petroli huchemka haraka mahali pa juu. Beba kitambaa na chupa ya maji.

Fundi_Kondele

Mzee heshima yako, kwa 504 uko sawa kabisa ju ile ilikuwa na kabureta na pampu imefungwa kwa injini yenyewe, inapata joto yote. Hii 100 ya 5A ni nozo, zile zinanyunyizia injini petroli, pampu iko ndani ya tangi huko nyuma na inasukuma petroli kwa presha, hiyo ya kuchemka kwa paipu ni nadra sana. Halafu petroli ikiisha gari hukufa polepole, inakohoa, inavuta, inakubembeleza kwanza. Huyu anasema inazima kama funguo imenyongwa. Hiyo ni stima, si petroli.

Sasa Mayai, wacha nikwambie kitu kuhusu hiyo 14 ju mafundi wengi wanaisoma vibaya. 14 haisemi ignaita imekufa. Kompyuta ikitaka plagi zichome inatuma ujumbe kwa ignaita, ignaita ikikata koili, ile inatoa stima kali ya plagi, inarudisha jibu, nimechoma. 14 maana yake ni kompyuta imeuliza na haijajibiwa, basi. Kwa nini haijajibiwa ni stori nyingine, inaeza kuwa ignaita yenyewe, inaeza kuwa koili, inaeza kuwa ignaita haipati karenti, ama athi mbovu, ama waya mmoja umekatika mahali. Na hapa ndio yule fundi wako wa kwanza aliteleza: hizi Toyota kompyuta ikikosa hilo jibu inafunga nozo pia, isimwage petroli bure. Kwa hivyo plagi lazima uzikute kavu hata kama pampu ni mpya. Alikuuzia pampu kwa sababu ya kitu kiko upande ule mwingine kabisa.

Kabla ununue kitu ingine nijibu maswali. Ikizima ukiwa bado uko kwa gia na gari inabingirika, mshale wa revu unaanguka chini papo hapo ama unashuka pole pole na injini? Redio inaendelea kuimba? Na hii ndio kubwa: umewahi kujaribu kuiwasha palepale bila kungoja ipoe?

Kanga_Milimani

Mimi yangu ilikuwa ni rilei kuu, swichi ya stima, hapo kwa boksi la fyuzi, lehemu ndani ilikuwa imepasuka, ikipata moto inaachia. Ukigonga rilei na kidole inawaka. Jaribu kwanza ni bure.

Mayai_Lanet

@Kanga nimegonga rilei zote dada, hakuna kitu.

@Fundi_Kondele redio inaendelea, taa za dashibodi ziko. Mshale sikuwahi angalia kusema ukweli ju wakati huo macho yangu yako kwa kioo naangalia trela. Kuwasha palepale… hapana. Mara ya kwanza iliponizimia jamaa wa boda pale Salgaa aliniambia imepata moto, iache ipoe, tangu hapo naiacha tu ipoe.

Fundi_Kondele

Sasa unaona. Miezi mitatu unatibu joto na hakuna mtu amethibitisha ni joto. Alhamisi ikizima ivute pembeni vizuri, washa taa za dharura, halafu piga stata hapo hapo, usingoje hata dakika moja. Ikikataa hadi ipoe, basi tunatafuta kitu kinachokufa na joto, koili ama ile pikapu, kihisi kiko ndani ya distributa, na hizo unazipima na multimita zikiwa moto na zikiwa baridi. Koili upande mdogo iwe omu moja na kitu, upande mkubwa elfu tisa hadi kumi na tano hivi. Ikishika palepale, wachana na joto kabisa.

Na mtu asikudanganye utoe waya wa plagi injini ikinguruma uone cheche, hivyo ndivyo watu huchoma ignaita nzima.

Mayai_Lanet

Ripoti ya Alhamisi. Nilibeba kijana wangu aangalie mshale. Imezima juu ya Sachangwan, kijana anasema mshale ulianguka sufuri PAAP na gari bado ilikuwa inabingirika kwa gia ya tatu. Nikavuta pembeni nikapiga stata. IKASHIKA. Hapo hapo. Miezi mitatu nimekuwa nakaa kwa nyasi nusu saa bure wakubwa, nilitaka kulia na kucheka. Ikazima tena mita kama mia tano mbele, nikawasha, ikashika tena.

Dere_Mstaafu

Haya, nimerudisha kitambaa.

Fundi_Kondele

😂😂 Mzee kitambaa kitatumika siku ingine.

Omera sasa tumefika. Si joto. Jiulize, mlimani kuna nini kingine mjini hakuna? Mzigo. Ukikanyaga ukiwa na mzigo ukipanda, injini inalala nyuma juu ya maunti zake, zile raba zinaishikilia kwa bodi, na kama maunti zimekufa inalala sana. Kila waya unaotoka kwa bodi kwenda kwa injini unavutwa. Ikizima, injini inarudi mahali pake, waya unagusana, stata inashika. Gereji wanaipima ikiwa imesimama inanguruma polepole, injini haijaenda popote, kila kitu kiko sawa, wanakwambia leta 9,000.

Fanya hivi. Chukua balbu ndogo ya taa ya namba, waya mmoja weka kwa karenti inayoingia koili, mwingine athi, weka na fyuzi ndogo hapo mwanzo usije ukachoma gari. Pitisha waya pembeni ya boneti mbali na feni na egzosi, balbu ifunge na tepu kwa kioo mbele uione ukiendesha. Ukiwasha funguo balbu inawaka. Gari ikizima na balbu imezima, karenti haifiki, tafuta waya. Ikizima na balbu bado inawaka, karenti iko, basi hapo ndio tunarudi kwa ignaita na pikapu na huyo mtu wa 9,000 ataombwa msamaha.

Kama hutaki kungoja Alhamisi, funga handibreki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, MTU ASISIMAME MBELE, gia ya kwanza, achilia klachi kidogo injini ivute, mwingine aangalie kutoka upande injini inaenda umbali gani. Sekunde mbili tu, usichome klachi.

Kanga_Milimani

Hii ya balbu kwa kioo ni kali, naiba.

Mayai_Lanet

Sikungoja. Jana jioni nimefanya hapa nyumbani, kijana kwa klachi, mimi kando. Injini imeinuka kama mtu ameamshwa na mbu, balbu ikazima, gari ikazima. Tukarudia mara tatu, mara tatu balbu inazima kwanza. Nikafuata waya wa koili kurudi upande wa betri, kuna mahali mtu alikuwa ameunganisha zamani akafunga tepu nyeusi, nimefungua ndani waya umebaki na nyuzi mbili tatu na umekuwa kijani. Ukiangalia kwa nje huoni kitu, tepu iko safi. Na maunti ya nyuma raba imeachana na chuma kabisa, unaingiza kidole.

Nimekata sehemu mbovu, nimeunganisha na kipande kirefu kidogo kiwe na nafasi ya kucheza, nikalehemu nikaweka mpira wa kuziba, nikafunga kwa injini yenyewe ili kisivutwe. Maunti nimepata ya mtumba 1,800. Waya ulinigharimu shilingi hamsini na lehemu ya jirani.

Swali, hiyo 14 itatoka yenyewe?

Fundi_Kondele

Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kama dakika moja halafu rudisha, itafutika. Halafu kwa ile boksi ndogo ya plastiki imeandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti unganisha TE1 na E1 na kipande cha waya, washa funguo bila stata, taa ikipepesa mfululizo bila kupumzika ni kwamba hakuna hitilafu. Angalia tena baada ya safari ya Kericho, sio sai. Na balbu iache kwa kioo safari moja zaidi.

Mayai_Lanet

Nimetoka Kericho saa hii. Sachangwan nimeipanda na gia ya nne mara ya kwanza mwaka huu, balbu haikupepesa hata kidogo, nilipofika nyumbani nimesoma taa, mfululizo tu. Askari wa barabarani amenisimamisha kuniuliza balbu kwa kioo ni ya nini, nimemweleza hadi akachoka akaniambia niende.

Fundi ukipita Lanet kuna trei yako. Mzee Dere pia.

Dere_Mstaafu

Mimi nataka ya kienyeji. Na ile pampu ya zamani ulibaki nayo ama fundi aliibeba?

Mayai_Lanet

Aliibeba 😭 na ignaita pia.